Lita za mzee na joto la tangi: usipeleke desimali kwenye keneli

Juzi kijana mmoja wa Jinja kaniandikia: "Kaka, draiva yangu ya Linux ilikuwa inakataa kukompaili kwa sababu ya floti. Nimeongeza flagi ya SSE, sasa inakubali. Niendelee?"

Keneli ni kiini cha Linux, na draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, hufanya kazi ndani yake. Floti ni namba zenye desimali, na SSE ni maagizo ya prosesa ya kuzihesabu. Flagi ni chaguo unalompa kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine. Nilisoma ujumbe huo mara mbili. Mimi niliendelea.

Nilikuwa na kazi Mbarara, kwenye kituo cha kukusanya maziwa: tangi la baridi, sensa ya DS18B20, kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel. Sensa hiyo hutoa namba nzima, kila moja ikiwa sehemu ya 16 ya digrii. Basi nikaizidisha kwa 0.0625 ndani ya taima ya draiva, kila sekunde. Joto likasomeka vizuri. Nikajiona fundi hasa.

Wiki ya pili karani akaniita. Kompyuta hiyohiyo ilikuwa na programu ya kujumlisha lita za wafugaji, na mzee aliyeleta lita 18.5 alikuwa ameandikiwa 4.0625. Niliikodolea macho namba ile. Yalikuwa maziwa ya mzee, lakini namba ilikuwa joto la tangi.

Wenye kituo wakaniita mwizi mbele yake, kazi wakampa mwingine. Bado inaniuma.

Kumbe programu ikikatizwa na taima kama yangu, keneli huhifadhi rejista za kawaida tu, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa. Za floti huziacha zilivyo, kwa kuwa kuzihifadhi kila mara kunakula muda. Za AVX-512, aina pana iliyomo kwenye baadhi ya prosesa, pekee ni baiti 2,048. Taima yangu ikaandika juu ya lita za watu, na hakuna kosa lililoripotiwa popote. Ndugu zangu, kompaila ikikukatalia, iheshimu! Flagi ile imezimwa kwa makusudi.

Zidisha namba ya sensa kwa 1000 kwanza, ndipo ugawe kwa 16: 65 inakuwa 4062, yaani milidigrii, na ndivyo draiva za hwmon, sehemu ya Linux ya kusoma sensa, zinavyotoa joto. Linux yenyewe huhesabu wastani wa mzigo kwa namba nzima, 1 ikiwakilishwa na 2048. Ukibanwa kabisa, kuna kernel_fpu_begin na kernel_fpu_end, za kufungua na kufunga matumizi ya floti ndani ya keneli, na katikati yake kodi yako isilale, yaani isisimame kusubiri kitu, hata kidogo. Ila jiulize kwanza kama umebanwa kweli. Desimali ziachie programu za kawaida, nje ya keneli.

Mdogo wangu wa Jinja, itoe flagi hiyo leo usiku. Kisha niandikie sensa yako inatoa namba gani, tuigawe pamoja.