Nani Anawajibika kwa Mtoto wa Makao?

SWALI: Mhariri, mimi ni mlezi katika makao ya watoto. Surua ilipoingia kwetu ilipita kitanda hadi kitanda. Mwenyekiti wa bodi yetu anasema kwamba Uingereza nayo ilikuwa na makao makubwa kama haya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yakisimamiwa na madaktari wa manispaa, kisha ikayaacha. Je, iliyaacha kwa sababu ya magonjwa? Nasi tufanye nini? – Mlezi, Nyalenda, Kisumu.

JIBU: Dada mlezi, mwenyekiti wenu amesema kweli kwa sehemu. Magonjwa yalichangia, lakini hayakuwa sababu kuu, na makao yale hayakufungwa kwa siku moja. Mengine yaliendelea kwa miaka mingi.

Daktari wa afya wa manispaa ya Uingereza alisimamia usafi wa mitaa, nyumba zenye msongamano, kliniki za kina mama na, katika sehemu nyingi, malezi ya watoto wachanga, kisha akaandika ripoti kila mwaka. Kampeni ya chanjo ya dondakoo, iliyoanza mwaka 1940, ilipunguza vifo vya watoto kutokana na ugonjwa huo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo chanjo, maziwa na shuka safi vilimlinda mtoto mwili tu. Mwaka 1951 John Bowlby, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, katika taarifa aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani, alieleza kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa upendo usiokatika na mama au mtu mmoja anayeshika nafasi yake, jambo ambalo walezi wanaopokezana zamu hawawezi kumpa hata wakijitahidi vipi.

Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa uwajibikaji. Januari 1945 Dennis O'Neill, mvulana wa miaka 12, alikufa kwa kupigwa na kutotunzwa katika shamba moja huko Shropshire. Tena hakuwa katika makao, bali katika familia, alikopelekwa na halmashauri ya mji wa Newport, Wales, na usimamizi ukapotea kati ya mamlaka mbili, ya Newport na ya Shropshire. Kamati ya Myra Curtis, iliyoundwa na serikali kuchunguza malezi ya watoto kama hao na kutoa ripoti mwaka 1946, ilikuta watoto wasio na wazazi wa kuwatunza wametawanyika chini ya idara mbalimbali za serikali. Ilipendekeza familia zinazokaguliwa vyema, na pasipo familia, nyumba ndogo za watoto wachache. Sheria ya Watoto ya 1948 ikaagiza kila halmashauri husika iwe na kamati ya watoto na afisa wa watoto.

Kwetu Kenya, Sheria ya Watoto ya 2022 inayahesabu makao kuwa kimbilio la mwisho, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto katika familia. Nakusihi usiichukue hiyo kuwa ruhusa ya kumrudisha mtoto kwa nyanya yake kijijini kwa haraka, bila mtu wa kumfuatilia.

Kwa sasa, hakikisheni kila mtoto ana kijitabu cha kliniki na amepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Anayeanza homa na vipele atengwe, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na afisa wa afya ya umma ajulishwe. Vitanda vitenganishwe na madirisha yafunguliwe. Wachanga wagawanyeni ili kila mmoja awe na mlezi wake yule yule. Kisha kaeni na afisa wa watoto wa kaunti ndogo, mkiwa na orodha ya majina, na mbele ya kila jina aandikwe ndugu anayejulikana, pamoja na mtu atakayemtembelea mtoto huyo akishatoka kwenu.