Chupa 7 zimegeuka nyeusi, na mwalimu hataki tena kusikia habari za mradi

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara ya sayansi katika sekondari ya kata mkoani Tanga, si mbali na bahari. Mwalimu wetu wa kemia, kijana mwenye miaka 2 kazini, aliwaongoza wanafunzi wa kidato cha tatu kupima visima 10 vya kijiji kwa zile chupa zenye karatasi, zinazogeuka nyeusi maji yakiwa na uchafu wa kinyesi. Chupa 7 ziligeuka, mojawapo ikiwa ya kisima cha nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji. Watoto wameshaanza kusimulia majumbani. Mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza nani katutuma kuchunguza maji ya watu. Sasa mwalimu amekata tamaa, anasema bora afundishe darasani tu. Je, tuyatangaze matokeo? Na mimi kama mkuu wake nimsaidieje mradi usife? Fedha hatuna.

JIBU: Mwalimu, kwanza msitangaze. Sisemi mfiche, ila kwa maelezo uliyonipa bado hamjui mtakachokitangaza.

Karatasi ya kwenye chupa hizo imelowekwa chakula cha bakteria pamoja na chumvi ya chuma. Bakteria kadhaa wanaotoka utumboni hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma, inatokea salfaidi ya chuma, nyeusi kama masizi ya sufuria. Kipimo hiki kilitoka India mwaka 1982 kwa ajili ya vijiji visivyo na maabara wala umeme, ndiyo maana kwenye joto la kwetu chupa unaziweka tu kabatini.

Tatizo ni kwamba yai viza hilo linaweza kuwamo kisimani hata pasipo kinyesi. Ninyi mko pwani. Kisima kilichochimbwa karibu na tope la mikoko mara nyingi maji yake yana salfaidi ya asili, na wenyeji wanaijua harufu yake tangu utotoni. Maji hayo yakiingia kwenye chupa yanaigeuza nyeusi bila bakteria hata mmoja kufanya kazi. Kwa hiyo swali langu kwa mwalimu wako ni moja: zilichukua muda gani kugeuka? Chupa iliyogeuka ndani ya dakika chache au saa moja inanipa shaka kuwa ni maji yenyewe. Iliyolala safi ikaamka nyeusi kesho yake ndiyo ya kuogopa. Kama kwenye daftari hakuna saa, basi kazi irudiwe, na wala si aibu.

Mara ya pili wachukue chupa 2 kwa kila kisima, na juu yake chupa 2 za kulinganishia: moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nyingine ya maji ya mtaroni. Ya kuchemshwa lazima ibaki safi hadi mwisho, ya mtaroni lazima igeuke. Ya kuchemshwa ikigeuka nyeusi, tupeni matokeo yote, maana uchafu umetoka mikononi mwenu. Jumla ni chupa 22. Waandike hali ya kila chupa baada ya saa 1, saa 24 na saa 48.

Muulize pia kuhusu ndoo. Nimeona mara nyingi wanafunzi wakizunguka kijiji kizima na ndoo moja ya shule na kamba yake, wakiitumbukiza kisima baada ya kisima. Hapo kisima cha tatu kikiwa kichafu, cha nne na cha tano mmevichafua ninyi. Kila kisima kichotewe kwa ndoo yake ya siku zote, kwa sababu hayo ndiyo maji watu wanayokunywa.

Na zile chupa nyeusi zilizopo, naomba zisifunguliwe na mwanafunzi. Mmeotesha bakteria humo kwa makusudi. Mwalimu mwenyewe avae glavu, amimine dawa ya klorini ya kufulia, aziache angalau nusu saa, kisha azimwage chooni.

Baada ya kurudia, chagueni visima 2 vilivyotia shaka zaidi na kuomba vipimwe na maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Njia rahisi ni kupitia ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, maana maji ya vijijini yako chini yao tangu 2019. Maabara itahesabu E. coli, bakteria wa kinyesi, na kwa Shirika la Afya Duniani maji ya kunywa hayatakiwi kuwa nayo hata moja katika mililita 100. Sampuli iende kwenye barafu, ikiwezekana ifike ndani ya saa 6, isizidi 24. (Wasomaji wa Arusha na Singida: chupa hizi hazioni floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kisima chenu kinaweza kubaki safi kabatini na bado kikavuka kiwango cha floraidi kinachoruhusiwa, miligramu 1.5 kwa lita. Msitoe cheti cha usafi kwa chupa isiyogeuka.)

Sasa huyo kijana. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa mwalimu mmoja chupa kama hizo, nikamwonyesha zinavyotumika, nikapanda gari nikaondoka. Alifanya kazi nzuri, kisha akabandika matokeo ubaoni, majina ya wenye visima yakionekana. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji ndoo kwa ndoo alipoteza wateja ndani ya wiki. Tuliporudia kipimo, kisima chake kilikuwa safi kuliko vyote. Mwalimu alikwenda kuomba radhi peke yake, na hakufanya mradi tena. Kosa lile nalihesabu langu: nilimpa vifaa, sikumpa mtu wa kusimama naye.

Kwa hiyo msaada wako wa kwanza ni miguu yako. Wiki hii nenda naye kwa mtendaji wa kijiji, mkiwa na barua ya mkuu wa shule, na mwombeni afisa afya wa kata na mtu wa kamati ya maji wawepo. Semeni wazi: tulianza bila kubisha hodi, tumekuja kubisha sasa. Elezeni kwamba mnarudia kipimo, kwamba visima vitaitwa kwa namba, na kwamba matokeo yatafika kwanza kwa mwenye kisima, kisha kwa kamati, na mwisho kwenye mkutano wa kijiji. Kwa mwenyekiti mwende kama kwa wengine, msimtangulize wala msimruke. Wakati mnasubiri, afisa afya anaweza kuwakumbusha watu wote, bila kutaja kisima cha mtu, wachemshe maji ya kunywa au watumie klorini na kungoja dakika 30.

Msaada wa pili ni muda. Usimwambie afanye mradi jioni baada ya vipindi vyote, halafu umuulize mbona silabasi haijaisha. Keti na mwalimu wa taaluma, mradi uingie kwenye ratiba na alama zake zihesabiwe kama kazi ya mada ya maji. Umtafutie na mwenzake, na hapa nitakushangaza: mpe mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wenu wanasoma kemia kwa Kiingereza, lakini mkutano wa kijiji hauendeshwi kwa Kiingereza. Mwambie mwanafunzi amweleze bibi yake kwa nini chupa imegeuka nyeusi, ndipo utakapojua kama ameelewa au amekariri. Niliwahi kumsikia binti mmoja akieleza hivi: "Bibi, maji haya yamepita chooni kabla ya kuja kwako." Bibi alinyamaza, akaenda kuangalia choo kiko wapi.

Hapo ndipo penye faida ya mradi kwa kijiji. Wakati chupa zimelala kabatini, watoto wapite kwenye visima hivyo 10 na futi kamba. Choo kiko mita ngapi? Chini ya 30, waandike. Mfuniko upo? Zege la kuzunguka kisima limepasuka? Kamba inalala kwenye tope? Ng'ombe wananywea hapo hapo? Mkirudi kwa mwenye kisima na neno "nyeusi" peke yake mmemletea fedheha. Mkirudi na "nyeusi, na mfuniko hauna, na kamba inalala chini" mmemletea kazi ya Jumamosi moja.

Uliniambia fedha hamna. Karatasi na futi kamba havigharimu kitu. Gharama ni chupa, na kabla ya kuzinunua muulizeni afisa afya, maana wakati mwingine hubaki nazo zinazokaribia kuisha muda. Mkikosa 22, punguzeni visima viwe 5. Chupa za kulinganishia msizipunguze.