Weka chini huo msasa kwanza

Tangu treni ya umeme ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 tumepata vijana wengi wa kujitolea kwenye kiberenge chetu cha zamani, kile kigari kidogo cha reli, na nawapenda kweli, ila Jumamosi nimemkuta mmoja kachutama, amecha ya dainamo, ile sehemu ya ndani yenye waya inayozunguka, kaipakata kama mtoto na msasa wa kusugulia chuma mkononi, tumbo likanikata. Haya someni, sirudii.

1. Kabari kwenye magurudumu kabla hujaingia chini, hata kama unaona reli imelala sawa.

2. Betri unaanza kutoa hasi. Volti 24 sio zile 25,000 za SGR, sawa, ila spana ikigusa bodi utaiona inavyobadilika rangi, na pete vua, kuna mwenzetu ana alama kidoleni mpaka leo na mkewe bado anauliza.

3. Komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba kwenye amecha inayoguswa na kaboni za kupitisha umeme. Hapa nikiri tu. Mwaka wangu wa kwanza nilifungua dainamo nikakuta shaba imekuwa kahawia, rangi ya chai kavu, nikajua uchafu huu, wazee wamezembea. Nikakaa na msasa wa chuma mchana mzima, nazungusha nasugua, nazungusha nasugua, mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikapiga na picha. Sikujua ile kahawia ndiyo afya yenyewe, ndiyo inafanya kaboni iteleze bila kuliwa. Sikujua pia kwamba unga wa ule msasa unapitisha umeme, na mi nilikuwa nimeujaza kwenye mifereji yote kati ya shaba na shaba, tena nikamalizia kwa kupuliza na kompresa, vumbi la kaboni lote likaingia kwenye waya. Tukafunga, tukawasha. Cheche zikazunguka duara zima, rangi ya bluu, harufu ya vanishi inaungua, kila mtu ananiangalia mimi. Amecha ikaenda kuwaindiwa, yaani kuzungushiwa waya upya, na tukachangishana, na wenye mchango mkubwa walikuwa wastaafu.

Mzee wetu, fundi wa reli ya kati tangu ujana wake, hakugomba. Akasema "nipe huo msasa", akaukunja mara nne akautia mfuko wa shati. Kisha: "Ile rangi uliyoikwangua mwanangu, mi niliingoja miezi." Bora angenizaba kofi.

4. Piga picha ya nyaya kabla hujachomoa, simu mnazo.

5. Grisi ya beringi kidogo jamani, sio blubandi, ikizidi inarukia komyuteta, na kwa upepo huu wa Agosti na vumbi letu ujue unakanda ugali humo ndani.

Yule kijana wa Jumamosi kaniuliza, "Shikamoo bro, sasa nisafishie nini?" Kitambaa kikavu. "Basi?" Basi. Kaboni ziangalie kama zinapanda na kushuka bila kukwama, funga. Akaniangalia kama namficha kitu. Msasa ninao mimi, mfuko wa shati.