Je, magombo ya Qumran yanamtaja Yesu?

Hapana ndugu yangu, magombo hayo, yaani maandiko ya kale ya Kiyahudi, hayamtaji Yesu wala Yohana Mbatizaji. Mengi yaliandikwa kabla Yesu hajazaliwa, yakafichwa mapangoni kando ya Bahari ya Chumvi hadi wachunga mbuzi wa Kibedui walipoyakuta miaka ya 1940. Lakini usiishie hapo! Gombo moja liitwalo Kanuni ya Jumuiya, lenye sheria za jumuiya ya Kiyahudi inayohusishwa na Qumran, linatumia Isaya 40:3, kutengeneza njia ya Bwana nyikani, andiko lile lile ambalo Injili zinalitumia kwa Yohana. Na kipande kiitwacho 4Q521 kinataja wafu kufufuliwa na maskini kuletewa habari njema, karibu sana na Luka 7:22. Ukristo uliota kwenye udongo huo wa Kiyahudi. Ila anayedai Wakristo walinakili tu kwa Waesene, kundi la Kiyahudi ambalo wengi hulihusisha na magombo hayo, huyo ameuruka ushahidi.