Mwanangu, umenyenyekea pasipo pake

Asalaam aleykum mwanangu,

Voisi yako niliisikiliza nikiwa jikoni sikuipata vizuri, baadae nikakaa kitako nikaisikiliza tena. Nakuandikia mana mambo haya tukiyasema kwenye simu tunakatizana tu. Umenambia ulikwenda kwa yule meneja wa hoteli huko Paje, Unguja, na sabuni zako za mwani, akakuuliza bei ukasema 5,000, na kabla hajafungua mdomo ukaongeza mwenyewe kwamba hata 3,500 inawezekana, ni vitu vidogo vidogo tu mnajaribu, akachukua hapohapo kwa 3,500. Na wakati huohuo shangazi zako wanasema toka uweke sura yako kwenye lebo na Instagram umeanza kujisikia. Ukaniuliza, mama, nijiamini vipi bila kuingia kiburi, na nijishushe vipi watu wasinikanyage.

Hili la kiburi tulimalize mwanzo, mana naona ndo linalokutia wahka. Madrasani ulisoma haya. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, akajibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi. Sura kwenye lebo haimo humo, bei haimo humo, na kusema sabuni yangu nzuri ikiwa ni nzuri kweli haimo humo. Shangazi zako niachie mimi.

Weye umekulia kwenye karafuu. Umeniona kituoni ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, mnunuzi anatia mkono kwenye gunia mpaka chini, anatoa karafuu anaivunja, kavu inakatika kwa mlio na mbichi inapinda tu. Hujanisikia hata siku moja nikimwambia yule bwana samahani baba, zetu sisi si nzuri sana. Nikishazianika juani, nikazianua mbio kila mawingu yakija, nikazichambua zisibaki makonyo, vile vijiti vyake, nasimama pale nasema hizi daraja la kwanza, tia mkono. Na msimu ambao mvua ilitunyima jua nilisema mwenyewe mapema, gunia hili halikukauka sawasawa. Yule muuza nafaka ambaye nafaka yake ilitiwa mkono na Mtume sokoni, chini ikakutwa imerowa, hakulaumiwa kwa kuisifu nafaka yake, alilaumiwa kwa kuificha ile iliyorowa watu wasiione. Kwa hivyo mali yako iseme ilivyo, isizidishwe na isipunguzwe, mana ukiipunguza nako umesema isivyo.

Najua utanambia chema chajiuza kibaya chajitembeza. Hiyo inafaa hapa kwetu Wete, Pemba, kila mtu anajua nani anaanika vizuri na nani anachanganya. Meneja aliyeletwa juzi kutoka sijui wapi atajua vipi kwamba sabuni yako inakaa wiki nne mpaka sita ikomae kabla hujaitia kwenye boksi, na pesa yako ya mafuta ya nazi na magadi imelala humo muda wote huo? Atajua vipi kwamba mwani wa aina ya cottonii unakufa maji ya bahari yakizidi joto, ndo mana mnahangaika kuupata? Hayo asipoyasikia kwako hayasikii kwa mtu. Na kuna jambo linaniuma zaidi. Mwani huu ulianza kulimwa kibiashara huko pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka yote hiyo wanawake wamesimama kwenye maji, wakaukausha, wakauuza kwa kilo kwa bei anayopanga mnunuzi. Nyinyi sasa mnautoa ukiwa kitu kamili, kina jina na boksi lake, halafu unakwenda kujipangia bei ya chini weye mwenyewe bila hata kuombwa! Ile 1,500 uliyoiacha mezani haikuwa yako peke yako, humo mna ujira wa wale unaofanya nao kazi.

Na hao ndo hasa nilotaka kukwambia, usikasirike. Nilipokuja kwako Ramadhani nilikaa kile chumba cha kazi nikiangalia. Yule mama mtu mzima wa Jambiani alikwambia mchanganyiko unaanza kuwa mzito, tuumimine saivi, ukamjibu mbele ya wenzake mie ndo niliyekwenda mafunzo. Akanyamaza. Mtu ambaye yumo kwenye mwani toka weye hujazaliwa. Na ujira wao uliwacheleweshea, wakawa wanauliza kwa kuzungukazunguka kama wanaomba, na haki ni yao. Sikusema siku ile mana kulikuwa na watu, lakini nimelala nalo mwanangu. Yani kwa meneja ambaye hakupi kula umejifanya mdogo, na kwa mtu anayeamka alfajiri kwa ajili yako unajifanya mkubwa. Unyenyekevu unao, tatizo umeupeleka hotelini na ulitakiwa uwe kwenye kile chumba. Ndo mana unaona kama vitu viwili hivi vinagombana, na havigombani kabisa, kila kimoja kina mtu wake.

Kwa hivyo anza na yule mama. Muombe radhi mbele ya walewale uliomjibu mbele yao, kisha siku ya ujira iandike ukutani waione wote.

Halafu rudi kwa meneja. Oda uliyokubali kwa 3,500 itimize kama ilivyo, neno lako umeshalitoa, na ziwe sabuni zilezile nzuri usije ukapunguza mafuta kufidia. Oda inayofuata andika bei kwenye karatasi, 5,000, umpe, na ukishampa nyamaza. Huko kunyamaza ndo kugumu, ulimi utakuwasha uongeze "lakini", usiongeze. Akisema ghali muulize anataka boksi ngapi, akichukua nyingi mpunguzie, punguzo lenye sababu halina aibu. Vipimo vya ZBS, wale wa viwango Zanzibar, ulivyovihangaikia vitoe mezani, usivifiche kwenye pochi kama barua ya deni. Akiuliza usilolijua sema hilo silijui, nitakuletea jibu Jumatatu, na Jumatatu umletee kweli. Na akikataa kabisa, mshukuru uondoke, hoteli zimejaa pwani nzima hiyo.

Tena nenda na mmoja wao, mwenzako yeyote anayejua mwani unavyolimwa. Meneja akiuliza habari za shamba ajibu yeye, weye ukae umsikilize.

Mafuta ya makonyo yule jamaa wa Chake amesema yapo. Nambie lita ngapi niyatie kwenye boti wiki ijayo, ila kabla hujanijibu muulize yule mama wa Jambiani zinahitajika ngapi, mana mara ile ulizokisia weye zilikuwa chache.

Mama yako,
Wete