Kukosa Kazi Ukiwa Mtu Mzima: Maswali Yenu na Majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu ambao wote wamewahi kuitwa bosi na mtu. Wakati wa kuyasoma nimecheka mara mbili na kunyamaza mara moja.

Nimefundisha fizikia na hesabu sekondari miaka 16. Mwaka jana niliamua kuhamia kazi za miradi, upande wa ufuatiliaji na tathmini. Nimeomba nafasi 11, nikaitwa usaili mara 2, kote nimekosa. Hii miaka 16 ndiyo imekwenda na maji? (Mwalimu, Sengerema)

Shikamoo Mwalimu, hata kama nimekuzidi umri.

Mimi niliingia kiwanda cha minofu ya sangara mwaka 2001, maabara ya ubora. Umoja wa Ulaya ulikuwa umezuia samaki wa ziwa letu, Victoria, mwaka 1999 kwa hofu ya sumu za kuvulia, ukafungua tena mwaka uliofuata, basi viwanda vikawa vinatafuta vijana wa kushika kipimajoto na kujaza fomu. Nikakaa miaka 13. Nilipoomba kazi ya ukufunzi kwenye taasisi moja hapa Mwanza, mstari wa kwanza wa CV yangu ulisema "Msimamizi wa HACCP", yaani utaratibu wa usalama wa chakula kiwandani. Jopo lilikuwa la watu watatu. Mama aliyekaa katikati aliisogeza karatasi hadi karibu na miwani, akauliza, "Hii ni kampuni?" Nikamweleza dakika kumi nzima habari za barafu na nyuzi 4. Alisikiliza hadi mwisho, muungwana kabisa. Baada ya wiki 3 ikaja barua ya kunishukuru kwa kushiriki.

Nilizunguka mtaani nikisema walikuwa na mtu wao. Labda walikuwa naye. Lakini kule kiwandani, zamu ya usiku, nilikuwa napokea watu wapya 20 au 30 kutoka Kirumba na Igoma, wengine hawajawahi hata kuvaa gambuti, na kufika alfajiri kila mmoja anajua kunawa hadi kiwiko, kuchomeka kipimajoto kwenye mnofu mnene, na kuandika namba aliyoiona, siyo anayodhani bosi anaitaka. Huo ndio ukufunzi wenyewe, na kwenye karatasi yangu haukuwepo.

Nakuhakikishia yako imeandikwa "nilifundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne". Aliyeandaa usaili anamtafuta mtu wa takwimu, anaona mwalimu, anageuza ukurasa. Je, hukuwahi kuchambua matokeo ya mtihani wa moku swali kwa swali ukajua mada gani imewaangusha? Hukufuatilia utoro, ukagundua watoto wanapotea msimu wa dagaa, ukaandika taarifa? Yaandike hayo kwa idadi na kwa mwaka. Kisha jifunze KoboToolbox, programu ya kukusanya takwimu kwa simu, ambayo unaweza kuianza bure. Tengeneza dodoso fupi, nenda mwaloni na simu yako, hoji wauza dagaa 30, chora jedwali la ukurasa mmoja. Ukiitwa tena, waonyeshe huo ukurasa.

Nina miaka 39, afisa mikopo wa benki kwa miaka 12. Moyo wangu uko kwenye uendeshaji wa hoteli. Kila ninakoomba naambiwa "umezidi vigezo". Nifiche shahada ya pili? (Dada wa Nyakato)

Usifiche, dada. Mji huu mdogo. Mdhamini mmoja akipigiwa simu tu, umeumbuka.

"Umezidi vigezo" ni adabu ya kusema mambo matatu: utataka mshahara wa benki, utaondoka ikija nafasi nzuri, na meneja wetu wa miaka 28 atakuogopa. Ukisubiri wayaulize umechelewa, kwa sababu hawayaulizi. Yajibu wewe kwenye barua ya maombi: taja kiwango unachokubali (ulizia kwanza hoteli hulipa ngapi, usije ukataja ndoto), sema wazi kwa nini umeondoka benki, na eleza mara uliyofanya kazi chini ya mtu mdogo kwako mkaelewana. Hilo la tatu watu hulisahau, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Pia omba zamu za wikiendi, harusi zinapojaa. Meneja akishakuona umebeba trei ya soda bila kununa, hofu yake nusu imekwisha.

Na kama benki haikukupa hati ya utumishi ulipoondoka, idai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri aitoe.

Kuna kaka ana koneksheni, anataka laki mbili jina langu liingie kwenye mkeka (orodha ya majina) wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali. Nimpe? (Buzuruga)

Hapana. Kuomba kupitia Ajira Portal, tovuti yao ya maombi, hakuna ada. Laki mbili yako nunua viatu vya usaili.

Nina miaka 46, nimechomelea boti za chuma miaka 20 na nimefundisha vijana wengi karakana. Naomba kazi ya ualimu wa ufundi, nakataliwa, sina cheti. (Fundi, Mwanza Kusini)

Fundi, tenganisha mambo mawili. Matangazo mengi ya serikali huweka ukomo wa miaka 45. Hapo hukushindwa na mtu, umekuta geti limefungwa, na hakuna haja ya kulilia geti. Sheria ile ile niliyoitaja inakataza ubaguzi wa umri hata kwa mwombaji, lakini kuthibitisha ni shughuli, mimi nisingepotezea mwaka wangu huko.

Cheti ndicho cha kushughulikia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa vitendo unachokijua, husomi upya toka mwanzo. Nenda Nyakato kaulize. Nenda na picha za boti zako.

Nimekosa mara ya nne. Nyumbani kila jioni naulizwa, na mama mkwe yuko kwetu tangu Pasaka. (Baba watatu, Nyegezi)

Pole sana. Mkeo mwambie kila kitu, ikiwemo akiba imebaki shilingi ngapi. Mama mkwe heshima yake ni chai na habari za kutwa. Ukimtajia tarehe ya usaili, umemweka kwenye jopo.

Ukikataliwa, ni sawa kuwaandikia kuuliza sababu? (Dada wa Capri Point)

Sawa kabisa, ila subiri siku kadhaa hasira ipoe. Andika mistari mitatu: asante kwa nafasi, sipingi uamuzi, naomba kujua jambo moja ambalo lingeniimarisha. Wengi hawatakujibu.

Mimi niliwaandikia wale wa ukufunzi. Ulipita mwezi na zaidi. Siku moja niko Kirumba Mwaloni, nimeshika mfuko wa dagaa, simu ikaita. Alikuwa yule mama wa miwani. Akasema, "Baba, uliongea vizuri. Ila sikuona popote kwamba umewahi kumfundisha mtu."