Maswali na majibu: Mijikenda, Wanyika na hesabu ya kenda

Mijikenda ni kabila moja au tisa?

Tisa, wengi wao pwani ya Kenya: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Swali hili linarudi kila mara. Tafadhali someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika.

Bibi yangu hukasirika akisikia "Wanyika". Si ndilo jina la vitabuni?

Ni la vitabuni, na bibi ana haki. Nyika ni pori kavu, kama lile la miba na vumbi unaloliona Taru, kati ya Mombasa na Voi, ukipita na gari moshi. Watu wa Mombasa waliwaita hivyo jirani zao wa bara, kwamba sisi wa mjini, wale wa porini. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akalikuta midomoni mwa watu, akaliandika. Kamusi yake na mwenzake Rebmann, iliyochapwa 1887, ikaitwa ya Kinika. Serikali ya kikoloni nayo ikalitia kwenye mafaili yake, na tangu hapo tusi likawa na mhuri. Na hao "wa porini" ndio waliouletea mji nafaka, pembe na sandarusi! Mji ulikula mtama wao huku ukiwadharau.

Arusini Kaloleni nilimsikia mgeni akilitamka kwa mzaha. Mama mmoja mzee alikuwa anapepeta mchele; akauweka ungo chini, hakuushika tena mpaka yule mgeni alipoondoka. Walimu, msiwaachie watoto waliandike kwenye insha kana kwamba ni jina la kawaida.

Mbona kenda, si tisa?

Mijikenda ni miji kenda, yaani miji tisa; kenda ni Kibantu. Tisa tumeitoa kwa Waarabu, pamoja na sita na saba. Saba yetu ya zamani imebaki kwenye fungate, zile siku saba za maharusi. Wenyewe kwao husema Midzichenda. Kama jina la kujiita wote pamoja, lilishika miaka ya 1940 walipounda umoja wao, kwa hiyo acheni kuandika kwamba ni la karne nyingi. Ni changa, lakini wamejipa wenyewe, na hilo kwangu ndilo kubwa. Ukimjua mtu ni Mchonyi, mwite Mchonyi.

Ni kweli walitoka Shungwaya wakifukuzwa na Wagalla?

Wazee wengi husimulia hivyo, kwamba walishuka kutoka kaskazini, pande za Somalia. Wanahistoria wanabishana bado. Lakini ndugu muulizaji, tumekataa jina moja la kubandikwa, nawe umetumia jingine. Hao ni Waoromo, na "Galla" inawachoma kama "Wanyika" inavyomchoma yule bibi.

Wadigo wa Tanga ni hao hao?

Hao hao. Mpaka waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na kaka akabaki huku, dada kule.